Usimwachishe mtoto ngano kabla ya kipimo

Mama mmoja wa Pangani aliniletea binti yake wa miaka minne. Tumbo limejaa, mikono myembamba, anaharisha mara tatu hadi nne kwa siku, na kadi ya kliniki inaonyesha uzito umesimama tangu mwaka jana. Dawa za minyoo alishapewa mara mbili. Kisha ndugu yao aliyeko Muscat akamwambia mama kwa simu kuwa huenda mtoto hapatani na ngano. Siku ileile akakata chapati, mandazi na mkate. Mtoto akapata nafuu kidogo. Baada ya miezi mitatu ndipo akapimwa damu, na majibu yakasema hana tatizo.

Majibu hayo hayatusaidii kitu, na kosa si la mama. Hakuna aliyemuuliza mtoto anakula nini.

Ugonjwa unaoshukiwa huitwa seliaki. Mwenye nao akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake hugeuka na kuharibu utando wa utumbo mwembamba, pale chakula kinapofyonzwa. Ndiyo maana mtoto anakula lakini haongezeki, au mtu mzima ana upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huu hutengeneza mtu anapokula gluteni. Ukiacha ngano, kingamwili hupungua, utumbo huanza kupona, na kipimo hakioni kitu.

Kwa hiyo mpime kwanza. Kama umeshamwachisha, miongozo ya Uingereza inataka mgonjwa arudie vyakula vyenye gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa angalau wiki 6 kabla ya kipimo. Usifanye hivyo bila daktari, hasa kwa mtoto aliyekonda. Wengine huumwa sana wakirudia, na mpango hubidi ubadilishwe.

Kwenye fomu ya maabara tafuta mambo mawili: tTG-IgA, na IgA ya jumla. Hili la pili husahaulika. Wapo watu wachache ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha; kwao kipimo cha kwanza kinaweza kutoka salama wakati utumbo umeharibika. Vile vipimo vya mzio wa vyakula chungu nzima kwa mpigo havionyeshi seliaki, kwa hiyo tunza fedha zako. Maabara ya karibu ikiwa haina kipimo, uliza kama sampuli inaweza kupelekwa kwingine. Damu husafiri kwa urahisi kuliko mtoto.

Kingamwili zikiwa juu, kwa kawaida hufuata endoskopia: mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, vikachukuliwa vinyama vidogo vya kupima. KCMC ya Moshi na Muhimbili wana huduma hiyo. Safari hiyo nayo ifanyike mgonjwa akiwa bado anakula ngano.

Sisemi kila tumbo linalojaa hapa Pwani ni seliaki. Kwa watoto wetu tunaanza na giadia, minyoo, VVU, kifua kikuu cha tumbo na lishe duni, na maziwa huwasumbua wengi wasio na ugonjwa wowote. Choo kipimwe. Lakini nasi madaktari tuache kuuita ugonjwa wa Wazungu. Unajulikana Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na India, na ni familia ngapi za Tanga zina babu aliyeshuka jahazini kutoka huko?

Nasisitiza uhakika kwa sababu jibu la ndiyo ni la maisha yote. Ugali, wali, muhogo, ndizi na samaki vinabaki, lakini kaimati za Ramadhani hakuna tena, wala uji wa lishe uliosagwa na ngano. Huo uji ndio unaowaponyoka wengi. Hata mama wa Pangani alikuwa akimpa mtoto kikombe mara mojamoja, akidhani anamwongezea nguvu.

Binti sasa yuko wiki ya nne ya chapati. Tumbo limeanza kujaa tena, na mama hunipigia kila Jumatatu kuuliza kama aendelee. Tunampima uzito kila wiki. Damu tutachukua baada ya wiki mbili, na safari hii IgA ya jumla imo kwenye fomu.