Punda Akifa, Mzigo Haufiki

Ndugu mfugaji, na wewe mfanyabiashara unayekodi punda siku ya gulio, tumezoea kusema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Maneno hayo ni ya mwenye mzigo. Mwenye punda akiyafuata anakula mtaji wake.

Piga hesabu. Punda wetu wengi wana kilo 120 hadi 150. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji. Madumu mawili yanatosha. Wewe unafunga manne, kilo 80, halafu akisimama njiani unamwita mkaidi! Punda huficha maumivu. Ukiona amegoma, huenda ameumia siku nyingi.

Usiniambie huna hela ya tandiko. Shona mito miwili ya gunia, ijaze nyasi kavu laini, kila mmoja ulale upande wake wa uti wa mgongo, na katikati uache nafasi ya vidole vinne. Mzigo ukae juu ya nyama na mbavu, usiguse mfupa wa mgongo. Ugawe sawa pande zote mbili. Kiroba cha nailoni huchubua, na kamba nyembamba hukata ngozi. Funga kwa mkanda mpana wa kitambaa.

Jioni mvue tandiko, umpapase mgongo. Ukikuta uvimbe, joto au mchubuko, kesho asibebe. Kidonda kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Oili chafu na maji ya betri si dawa, ni ukatili.

Akichechemea, fimbo haimponyi. Inua mguu, safisha kwato, toa jiwe au mwiba. Kwato zikirefuka, mwite anayejua kuzipunguza. Akiendelea kuchechemea, mwite mtaalamu wa mifugo. Kagua na mgongo pia, maana ukiuma humfanya afupishe hatua.

Utasema siku moja ya kupumzika ni hasara. Je, wiki kadhaa za kuuguza kidonda ni faida? Na siku hizo maji atabeba nani? Unajua jibu: mkeo na watoto, kichwani.

Kesho asubuhi, kabla hujagusa dumu, gusa mgongo wa punda.