Kumtumia Mhudumu Video si Kumfundisha Kazi

Siku hizi mwenye duka akiajiri mhudumu mpya, mafunzo huwa ni linki tatu kwenye WhatsApp. "Tazama hizo, kesho unaanza." Kesho inafika, mhudumu yuko kaunta, na mteja anamwonyesha simu yake: ujumbe wa malipo uko hapo, jina la duka ni sawa, kiasi ni sawa, hata saa ni sawa. Unga na mafuta vinatoka. Jioni hesabu ikipigwa, hiyo pesa haiko kwenye till. Ule ujumbe mtu aliuandika mwenyewe tu.

Nani analipa? Mara nyingi ni mhudumu, mwisho wa mwezi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye kwa mkataba wake amekabidhiwa pesa. Sawa. Lakini kama hujamfundisha, huo uzembe ni wa nani? Sisi tunaona ni wa aliyetuma linki akadhani amemaliza. Na mbaya zaidi, ujumbe wa uongo hauna muamala wowote nyuma yake, kwa hivyo hata ukituandikia usiku huo huo, hakuna pesa ya kurudisha.

Hatusemi video ni mbaya. Sisi wenyewe tunazitengeneza. Tunachosema ni kwamba simu ina kazi yake na binadamu ana yake, na kazi ya pesa inahitaji zote mbili.

Simu inafaa sana kwa mambo ya kurudiwa. Mtu anaweza kutazama hatua za kuangalia salio mara kumi bila kuona aibu ya kuuliza tena. Ada za kutuma zikibadilika, karatasi uliyobandika ukutani imeshapitwa na wakati, lakini SMS inafika siku hiyo hiyo, hata kwa mwenye mulika mwizi. Na kwa sababu sote tunasahau, swali moja fupi kila wiki ("Mteja anasema amekutumia pesa kimakosa, unafanya nini kwanza?") linasaidia kuliko somo refu la mara moja.

Kile simu haiwezi kukupa ni presha. Hebu jaribu hili dukani kwako, asubuhi kabla ya wateja kujaa. Mmoja awe mteja mwenye haraka. Mwingine apige simu akijifanya ni wa huduma kwa wateja, aseme till imefungwa na anataka PIN. Wa tatu aulize bei ya sukari katikati ya hayo yote. Mhudumu wako abaki ametulia, akate simu, aangalie salio kwenye simu ya duka wala si ya mteja, ndipo atoe bidhaa. Mara ya kwanza wengi watababaika. Ni afadhali wababaike mbele yako, bila hasara. Ni kama kuendesha gari: alama za barabarani unaweza kuzisoma kwa simu ukiwa kitandani, lakini hakuna aliyejua klachi kwa YouTube.

Kenya tayari tuna mfano mzuri, na si wa juzi. Kuanzia 2005, Amref pamoja na Baraza la Wauguzi walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi diploma kwa masomo ya kompyuta. Kuwatoa wote wodini wakae chuoni kungeacha hospitali bila watu. Kwa hiyo walisoma nadharia wakiwa bado kazini, lakini mazoezi ya vitendo yalibaki kwa wagonjwa halisi, chini ya usimamizi. Hakuna aliyesema kompyuta itafundisha kudunga sindano.

Halafu kuna 2020. Shule zilifungwa Machi, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. KICD iliweka masomo redioni, kwenye televisheni na mtandaoni, na kazi hiyo inafaa kushukuriwa. Lakini mzazi mwenye watoto watatu na simu moja anajua ilivyokuwa. Somo lilikuwepo, bando na mtu wa kuuliza ndivyo vilikosekana.

Hapo ndipo tunawagusa waajiri. Ukimwambia mfanyakazi ajifunze kwa simu yake, nunua bando. Usimwachie gharama kisha useme hana bidii. Kuna ile tozo ya NITA pia, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi: mwajiri anayeilipa anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Wengi wanaichukulia kama kodi nyingine tu.

Na wale wa semina za hoteli msicheke sana. Siku nzima ya slaidi, chai, mandazi na picha ya pamoja, kisha kimya kwa mwaka mzima, ni linki ya WhatsApp iliyovaa suti. Tungependa kuona nusu siku ya mazoezi, video zikiwa zimetumwa kabla, na maswali ya SMS baadaye.

Kwa wewe unayejilipia kozi mwenyewe, kwa sababu sasa vyuo vingi vinatangaza masomo ya "mtandaoni na darasani": kabla ya kutuma shilingi, uliza siku ngapi ni za darasani, ziko wapi, na nauli ya kufika huko ni ngapi, maana hiyo haiko kwenye tangazo. Kama ni chuo cha ufundi, angalia kama kina leseni ya TVETA. Lipa kwa Paybill ya chuo, si kwa namba ya simu ya mtu aliyejitambulisha kama msajili, na usome jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Kama jina si la chuo, acha hapo hapo, na uende ofisini kwao kwa miguu yako ukaulize.