Ikwalaiza inayojiendesha isiamue muziki wetu uweje

Maprodyuza vijana wanaotaka kununua ikwalaiza inayojiendesha huniuliza: ipi bora? Huwaambia waulize kwanza jambo jingine: programu hiyo imejifunza kusikia kwa kutumia muziki wa nani? Kazi yangu ni kumasta nyimbo hapa Dar es Salaam, na mezani kwangu hupita kwaya, singeli, taarab na bongo fleva. Programu hizi nazitumia na nazithamini. Kinachonisumbua ni namna tunavyozichagua, kwa sababu wengi wetu tunanunua jina na kuacha kuangalia chombo kitaufanya nini muziki wetu.

Kwa asiyeijua kazi hii, kumasta ni hatua ya mwisho kabla wimbo haujaenda redioni, YouTube au Boomplay. Ikwalaiza hupandisha au kushusha sehemu za sauti: besi chini, mwimbaji katikati, matoazi juu. Zamani fundi mitambo aliifanya kazi hiyo kwa mkono na masikio yake. Leo programu husikiliza kipande cha wimbo, hukilinganisha na mchoro iliojifunza, kisha hujipangia yenyewe. LANDR ya Montreal, Kanada, ilileta huduma ya kumasta kupitia intaneti mwaka 2014. Mwaka 2017 iZotope ya Marekani iliweka msaidizi wa kumasta ndani ya Ozone 8. Siku hizi ipo pia smart:EQ ya kampuni ya sonible ya Graz, Austria, ipo Gullfoss, na ipo soothe2 ya oeksound.

Siwalaumu vijana kwa kuzikimbilia. Prodyuza wengi wa Tandale, Manzese na Mbagala wanafanyia kazi vyumba wanavyolala. Ukuta ni tofali, juu ni bati, na godoro limesimamishwa pembeni ili kupunguza mwangwi. Chumba cha namna hiyo kinadanganya. Besi hujazana kwenye kona na kupungua katikati, mtu akadhani wimbo hauna besi, akaiongeza. Wimbo ukipigwa kwenye spika za sherehe unakuwa ngurumo tupu. Programu haisikilizi kupitia chumba. Inaisoma sauti iliyomo ndani ya faili, na ikiona mrundikano kati ya hezi 200 na 400 inakuonyesha. Kwa fundi asiye na chumba kizuri, huo ni msaada mkubwa.

Taabu inaanza pale programu inapotoka kwenye kuonyesha na kuingia kwenye kuamua. Katika programu nyingi, mchoro unaofuatwa umetokana na nyimbo zilizochaguliwa na waundaji wa programu hizo: pop, roki, hip hop, muziki wa klabu. Katika orodha za mitindo nilizozifungua, singeli na taarab sijaziona. Ukiiachia programu wimbo wako, itausogeza kuelekea huko iliko orodha.

Singeli hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Chukua wimbo wa mapigo 240: kila pigo lina robo sekunde tu kabla la pili halijaingia. Ukiuwekea mchoro wa muziki wa klabu, programu huona besi ya chini kabisa, kwenye hezi 40 hadi 60, haitoshi, na huipandisha. Katika wimbo wa mapigo 120 pigo lina nusu sekunde ya kuzimika, kwa hiyo besi hiyo inakaa vizuri. Kwenye singeli mkia wa pigo moja unalikuta lingine, ngoma inageuka mvumo. Kisha programu inakuta vinanda vikali kwenye hezi 2,000 hadi 4,000, inavishusha. Huko ndiko maneno ya MC yanakoshikika, na ndiko spika ndogo ya simu inakofanya kazi vizuri. Msikilizaji wa simu anabaki na wimbo uliofifia. Albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliwafikia wasikilizaji wa Ulaya na ukali wake wote. Hao hawakuhitaji singeli ilainishwe ndipo waicheze.

Mfano ulioniuma zaidi ni wa ilimba, ala ya Wagogo. Kijana mmoja aliniletea rekodi kutoka Dodoma akiwa ameshaipitisha kwenye programu ya kuzima masafa yanayochomoza. Ilikuwa safi, na ilikuwa imekufa. Mafundi wa Kigogo hufunika tundu la ubao wa ilimba kwa utando wa buibui ili sauti itetemeke vyuma vinapochezwa. Mtetemo huo umewekwa makusudi, ni sehemu ya ala kama zilivyo nyuzi kwenye gitaa. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka mlio huo kwenye majukwaa ya dunia. Programu iliusikia kama kasoro, ikaufuta. Nikamwomba yule kijana rekodi ya awali, tukaanza upya. Kwa bahati alikuwa bado anayo.

Kwa hiyo, ukitaka kununua, pima mambo matatu.

La kwanza, chombo kikubali kulishwa wimbo wa rejea. Ozone na smart:EQ zinakuruhusu kuweka wimbo unaoupenda ili mchoro utokane na huo. Hapo ndipo unaweza kuifundisha taarab, ambayo fidla, kodiani na kanuni hukutana katikati ya sauti kwa wingi ambao mchoro wa pop huuona ni msongamano. Andaa faili za rejea kwa kila mtindo: nyimbo ambazo umezisikia redioni, kwenye simu na kwenye spika kubwa, na kote zikasimama. Ziwe WAV kutoka kwa aliyezitengeneza. Usitumie mp3 iliyozunguka WhatsApp. Faili ya mp3 ya kilobiti 128 mara nyingi imekatwa kila kilicho juu ya hezi 16,000, na programu itadhani hivyo ndivyo muziki unavyotakiwa kuwa.

La pili, kiwe na kitufe cha kupunguza nguvu yake. Pendekezo la programu mimi hulitumia kwa sehemu ndogo, mara chache kuvuka theluthi. Chombo kinachokupa jibu moja, ukubali au uache, hakimfai mtu anayejifunza kazi.

La tatu, kikuonyeshe kilichobadilika, na kikuwezeshe kulinganisha kabla na baada kwa sauti ya ukubwa mmoja. Hapa ndipo wengi hutapeliwa na masikio yao. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikipanda, sikio huongeza usikivu wake kwa besi na kwa masafa ya juu. Programu ikikurudishia wimbo ukiwa umepanda desibeli 2 tu, utauona mzuri zaidi hata kama umeharibika. Ushushe mpaka ulingane na wa awali, ndipo uhukumu.

Kwa upande wangu, Gullfoss ndiyo ninayoifikia kwanza ninaposafisha nyimbo za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Haifuati mchoro wa mtindo wowote. Imejengwa juu ya namna sikio la binadamu linavyosikia, na vitufe vyake nikiviweka chini, magitaa ya nyimbo hizo yanaendelea kuzungumza. Kwa soothe2, naiweka kwenye sauti ya mwimbaji kiongozi wa kwaya anayekaribia sana maikrofoni, na siiweki juu ya wimbo mzima. Asiye na fedha aanze na TDR Nova, ambayo ina toleo la bure. Hiyo utaiendesha kwa mkono, na ndivyo itakavyokufundisha hezi 300 zinasikikaje kabla hujamkabidhi mwingine kazi ya kuzisikia.

Kampuni nyingi hutoa muda wa kujaribu bila malipo. Utumie muda huo kwa kuilisha programu muziki unaoufanya kweli, singeli yako, kwaya yako, taarab yako, na wala si nyimbo za mfano walizoweka wenyewe. Kisha mwite mwenye wimbo asikilize matokeo yote mawili bila kujua lipi ni lipi. Chombo kisichokubali rejea yako, kisichopunguzwa nguvu na kisichokuonyesha kilichofanya, kiache dukani hata kama bei yake imeshuka. Nawe mwanamuziki, siku ukipeleka wimbo wako kumastiwa, muulize fundi ameulinganisha na wimbo gani. Akishindwa kukujibu, chukua faili yako utafute mwingine.