Aliyeshindwa Kesi Amrudishie Mnunuzi Chake

Novemba 2012, jopo la mahakama mjini Tyler, Texas, liliona Apple imekiuka hataza za kampuni ya VirnetX, likaiamuru ilipe dola milioni 368. Rufaa zikafuata kwa miaka. Mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa ni jinsi FaceTime, huduma ya Apple ya simu za video, ilivyounganisha simu mbili moja kwa moja. Baada ya uamuzi huo, Apple ilipitisha mazungumzo kwenye seva za kulipia, na gharama ikapanda.

Aprili 2014, FaceTime ikakatika kwenye iPhone zilizokuwa bado na mfumo wa iOS 6. Apple ilisema cheti cha kidijitali kimekwisha muda, ikawataka wateja wahamie iOS 7. Wenye iPhone 4 na 4S walilalamika kwamba mfumo huo unazifanya simu zao kuwa nzito. Baadhi yao walifungua kesi ya pamoja California, wakidai kampuni iliikata huduma kwa makusudi ili kukwepa gharama ya seva. Mwaka 2020 yakafikiwa maafikiano ya dola milioni 18, bila Apple kukiri kosa. Kila simu ilikadiriwa kupata kama dola 3.

Mnunuzi kubebeshwa matokeo ya kesi isiyo yake ndicho kiini cha makala hii. Sheria ya hataza inamjua mwenye hataza na anayedaiwa kuikiuka. Mnunuzi si mdaawa, ingawa uamuzi unaweza kumfikia sebuleni. Januari 2022, Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliamua kwamba Google imekiuka hataza tano za kampuni ya Sonos. Awali, mwenye spika kadhaa za Google alipandisha au kushusha sauti zote kwa pamoja kwa kitufe cha simu yake. Baada ya uamuzi huo likaja sasisho la programu, akalazimika kuzirekebisha moja moja. Bei aliyolipa dukani ilibaki ileile.

Wapo watakaosema masharti ya matumizi yanairuhusu kampuni kubadili huduma wakati wowote. Kubadili ni sawa. Kupokonya kilichotangazwa ili kiuzwe ni jambo jingine. Tena si lazima mnunuzi wa zamani aguswe: Januari 2024, Apple ilipozuiwa kuingiza saa zenye kipimo hicho kwa sababu ya hataza za kampuni ya Masimo, yaani kipimo cha oksijeni ya damu, saa mpya zilizouzwa Marekani zilizimwa kipimo chenyewe, lakini zilizokwisha kununuliwa ziliendelea nacho.

Msimamo wetu ni huu. Kampuni ikiondoa huduma kwa sababu imeshindwa kesi ya hataza, irudishe sehemu ya bei bila kusubiri kushtakiwa, au ikubali kuipokea bidhaa na kurejesha fedha. Yenyewe ndiyo iliyokuwa na wanasheria wa kuzichunguza hataza kabla ya kuuza. Mnunuzi alikuwa na risiti tu. Gharama hiyo ikijulikana mapema, itaingia kwenye hesabu za kampuni pamoja na fidia ya mwenye hataza, na huenda leseni ikaombwa kabla bidhaa haijafika dukani.