Mvua Haiendi Ofisini

Katika madaftari ya wanafunzi wetu wa sekondari, na pengine katika barua za wakubwa wao, hukutwa sentensi ya namna hii: "Walking to the office, the rain started." Mwandishi alikusudia kusema kuwa mvua ilimkuta njiani. Alichoandika ni kwamba mvua ilikuwa ikitembea kwenda ofisini.

Kosa hili si la uvivu. Tusemapo "Nilipokuwa nikienda ofisini, mvua ilianza", kiambishi "ni" kimekwisha kumtaja mwendaji. Tungo ile ya Kiingereza haina kiambishi. Mwendaji hutafutwa katika nomino inayofuata, nayo ni mvua. Vivyo hivyo, ukisikia "barua ya kabatini iliyoharibika", huwezi kudhani ni kabati, maana kabati lingedai "lililoharibika". Lakini andika "the letter in the cupboard which was damaged", na karani mmoja atatafuta barua, mwingine atamwita seremala. Katika Kiingereza jirani ndiye hurithi sifa. Basi sifa na ikae kando ya mwenyewe: "the damaged letter in the cupboard". Mwalimu wa Kiingereza angeanzia kwenye ngeli, ambazo mtoto amekuja nazo kutoka nyumbani, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha.

Wala tusijivune. "The headmaster informed the teacher that his transfer had been approved." Nani afunge mizigo? Kiswahili nacho, kwa "uhamisho wake", hakimsaidii mke anayengoja kujua kama watoto watabadili shule. Dawa ni kurudia cheo cha mhusika, hata kama sikio halipendi. Wapo wasomi waliofunzwa kuwa kurudia neno ni ushamba. Katika barua ya serikali, hiyo ni kasumba tu.

Wenye Kiingereza chao nao hukwama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1991 juu ya simu zinazopigwa kwa mitambo ilitaja mtambo wenye uwezo wa kuhifadhi au kuzalisha namba za simu, kisha, baada ya koma, "using a random or sequential number generator". Je, maneno hayo yanahusu kuzalisha peke yake, au na kuhifadhi pia? Mtu mmoja aliyelalamika kuwa akipokea ujumbe wa Facebook bila kuwa na akaunti aliishtaki kampuni hiyo. Mwaka 2021, miaka 30 baada ya sheria kutungwa, Mahakama ya Juu iliamua kuwa yanahusu yote mawili, na mlalamikaji akashindwa.

Mwaka huo huo wa 2021, Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hapo ndipo jambo hili linapotoka darasani. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinapotafsiriwa, sentensi iliyoachwa ikining'inia haiwezi kubaki hivyo: mfasiri hulazimika kuchagua "i" au "li", na kwa herufi hizo anaamua ni barua au ni kabati. Ndugu mfasiri hakuapishwa kuwa hakimu. Akikutana na sentensi ya namna hiyo, airudishe kwa mwandishi wa sheria na kumwuliza alikusudia nini, kabla hajaandika kiambishi chochote.