Kliniki za sheria zisimwache mteja njiani

Mwanafunzi wa sheria anaweza kuhitimu shahada yake ya miaka 4 bila kuwahi kuketi ana kwa ana na kibarua aliyefutwa kazi au mjane aliyenyang'anywa shamba na jamaa za mumewe. Kesi amezisoma kwa mamia, ila zote zilikwisha kuamuliwa na kuchapishwa. Hajapata kuiona kesi ikiwa ingali bahasha ya stakabadhi zilizokunjamana na masimulizi yanayoanzia katikati.

Pengo hilo ndilo linalojazwa na kliniki za sheria zinazoendeshwa na baadhi ya vyuo vikuu nchini. Humo mwanafunzi hujifunza kuhoji, kutenganisha hoja ya kisheria na malalamiko ya kawaida, na kuandika barua ya madai ambayo mwajiri hataitupa. Hujifunza pia kunyamaza na kusikiliza, somo ambalo sijaliona katika silabasi yoyote.

Sheria ya Usaidizi wa Kisheria ya 2016 inavitambua vyuo vyenye kliniki kuwa miongoni mwa watoaji wa huduma hiyo. Hilo lafaa kupongezwa. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza Serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada, ikiwapo, isimzuie.

Tatizo ni kalenda. Muhula wa chuo ni wa majuma machache, ilhali shida ya mteja haijui likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi miaka 3 ya kushtaki. Anayeidai Serikali fidia ya kawaida kwa madhara aliyotendewa na afisa wake ana miezi 12 pekee.

Tuseme mtu wa namna hiyo anafika kliniki katika mwezi wa 10 tangu aumizwe. Mwanafunzi anaandika maelezo yake kwa bidii. Mara mitihani inabisha hodi, chuo kinafungwa, mwanafunzi anahitimu na faili linabaki kabatini. Mwanafunzi amepata alama zake. Mteja, ambaye pengine angalitafuta msaada kwingine, amepoteza dai lake.

Kwa kuwa Sheria ya Mawakili haimruhusu mwanafunzi kumwakilisha mteja kortini, anayesimamia kliniki hana budi kuwa wakili mwenye cheti cha kuhudumu cha mwaka huo, na mwenye wasaa wa kwenda kortini. Mhadhiri aliyetwikwa kliniki juu ya mzigo wa madarasa hataweza.

Nchini Marekani, majimbo huwaruhusu wanafunzi waliofikia kiwango fulani kusimama mbele ya hakimu chini ya uangalizi wa wakili. Kwetu hilo laweza kungoja. Lisiloweza kungoja ni wakili wa kudumu katika kila kliniki, na daftari la tarehe za mwisho za kuwasilisha madai, linalokaguliwa hata chuo kikiwa kimefungwa.

Baraza la Elimu ya Sheria, ambalo hutoa leseni kwa vyuo hivi, lina uwezo wa kuyafanya hayo kuwa sharti. Linapokwenda kukagua maktaba na kuhesabu wahadhiri, na liombe pia kufunguliwa kabati la faili za kliniki.