Wa 17 Jana, wa Kwanza Leo

Wako wazazi ambao mtoto akirudi kutoka mashindano ya shule mikono mitupu, humwambia, «Acha hayo, mbio si kazi yako.» Maneno hayo husemwa jioni moja, lakini mtoto hukaa nayo miaka mingi. Leo nataka kuwaeleza habari za mtu wa huku kwetu Singida, ili tuyapime maneno hayo kabla hayajatutoka kinywani.

Mtu huyo ni Alphonce Felix Simbu. Alizaliwa mwaka 1992 katika kijiji cha Mampando, Ikungi, na baadaye akawa askari wa Jeshi la Wananchi. Mbio zake ni za marathoni, yaani kilometa 42 na mita 195. Mbio hizi hazimfai mtu mwenye bidii ya siku moja. Zamtaka yule aamkaye alfajiri siku zote, baridi au jua, hata siku miguu inapokataa na hakuna wa kumpigia makofi.

Tazameni sasa safari yake. Mwaka 2016 alikuwa wa 5 katika Olimpiki ya Rio de Janeiro. Mwaka 2017 alipata medali ya shaba katika mashindano ya dunia mjini London. Watu walifurahi, wakadhani dhahabu i karibu. Haikuwa karibu. Katika marathoni ya Olimpiki iliyokimbiwa Sapporo, Japani, mwaka 2021, alikuwa wa 7. Huko Paris, mwaka 2024, akawa wa 17. Umri wake ulikuwa miaka 32, na miaka 7 ilikuwa imekwisha kupita tangu medali ile. Wangapi kati yetu tungalisema, «Basi, huyu amekwisha»?

Yeye hakuacha. Mwezi wa Aprili 2025 alikuwa wa pili huko Boston, Marekani. Kisha, tarehe 15 Septemba 2025, akakimbia mashindano ya dunia mjini Tokyo, katika joto kali. Katika mita za mwisho Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele. Simbu akamfuata, wakafika kwenye mstari pamoja, na Petros akaanguka chini palepale. Saa ziliwapa wote wawili muda mmoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha itazamwe ndipo mshindi ajulikane. Simbu alikuwa ametangulia kwa sehemu 3 katika sehemu 100 za sekunde moja. Kufumba na kufumbua jicho kwachukua muda zaidi ya huo! Hivyo Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha.

Je, sehemu hizo 3 zilipatikana wapi? Si Tokyo tu. Zilikusanywa alfajiri moja moja, hata baada ya Paris. Bandu bandu huisha gogo.

Lakini tusidanganyane. Si kila mwenye bidii atapata dhahabu. Petros naye alijitoa mpaka akaanguka, akarudi na fedha. Nani atamwita mvivu? Basi tusimpime mtoto kwa zawadi peke yake. Tumwulize: Je, ulijitahidi? Umejifunza nini? Kesho utaanza na nini? Apate chakula chake na usingizi wake, asiache masomo, na binti apewe nafasi sawa na kaka yake.

Sisi ni wakulima wa alizeti. Nani ang'oaye mche mwezi wa Januari kwa sababu haujatoa ua? Twapalilia na kungoja. Mtoto wako aliyekuwa wa 17 juzi, mpalilie vivyo hivyo.